Zao la Ushindi, Mali ya Bwana Kamba

"Mbuzi wako amekula mali ya Mfalme!"

"Basi Mfalme aje amshtaki mbuzi," alijibu Hadija, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wa maharage. "Mimi sikumtuma."

Sheshe alikuwa upande wa pili wa ua, kashika shina lililotafunwa, akilinyanyua juu kama mtu anayeonyesha nyoka aliyemuua. Majirani walikwisha anza kusogea. Pale Malindi, ile ya milima ya Usambara, ugomvi wa asubuhi ulikuwa ukijaza watu upesi kuliko mnada wa ng'ombe, na Sheshe, msaidizi wa jumbe wa kijiji, hakuwa mtu wa kupoteza watu waliokwisha kusanyika wenyewe. Alikohoa. Akavuta mabega nyuma.

"Kwa mamlaka niliyopewa na Idara ya Kamba," akatangaza, "mbuzi huyu yuko chini ya ulinzi!"

"Mchukue," alisema Hadija. "Ila ana mtoto anayenyonya, kwa hiyo mchukue na mtoto. Mume umeshamchukua. Kesho shemeji yangu uje uchukue na jiko, nipumzike kabisa."

Watu wakasema "Haa!" Mama Zipora, aliyekuwa akiishi juu kidogo ya njia na ambaye hajawahi kukosa ugomvi hata siku aliyokuwa na homa, aliinama akamtazama mbuzi usoni.

"Huyu mbuzi hajalewa hata kidogo," akasema.

Sheshe akageuka polepole. "Nani amesema kulewa?"

"Mimi nimesema hajalewa. Na kutokulewa nako kumekuwa kosa?"

Sheshe akapekua amri zake kichwani, lakini jambo lile lilikuwa halijaingizwa kwenye amri yoyote. Na ili msomaji asibaki nje ya ua pamoja na mbuzi, yafaa aelezwe jinsi Mfalme alivyopata shamba Malindi.

Yalianza mwaka ule wa vita, meli zilipokuwa zikizama na kamba zikizama nazo. Serikali ilifikiri sana, na ilipomaliza kufikiri ikaunda Idara ya Kamba. Idara ikampeleka Usambara afisa mmoja mrefu, mwekundu shingoni, mwenye kofia ngumu na bidii ngumu zaidi. Jina lake la kizungu lilikuwa na herufi nyingi zisizotamkwa, kwa hiyo watu walimwita Bwana Kamba na mambo yakaendelea.

Bwana Kamba aliitisha baraza. Kiswahili chake alikuwa amekipata kitabuni, na salamu za Kishambaa alizipata njiani, akawaamkia watu "Onga maundo," ambayo ni salamu ya asubuhi, jua likiwa linaelekea kuzama. Watu wakamwitikia vizuri tu. Mgeni ni mgeni.

"Raia wa Mfalme," akasema. "Vita ni kamba. Meli isiyo na kamba ni sufuria. Leo Malindi inaingia vitani!"

Watu walipiga makofi, wakidhani amemaliza.

Mzee mmoja akanyoosha mkono. "Bwana, huko chini Korogwe mkonge umejaa mpaka ng'ombe hawana pa kupita. Si ndiyo kamba hiyo?"

"Mkonge ni kamba ya mizigo," alieleza Bwana Kamba kwa upole. "Hii ni kamba ya manowari. Hazikai meza moja."

Kisha akakunjua picha kubwa ya mmea wenyewe, ili kila mtu auone. Ukaonekana. Jani lake lilikuwa na vidole vyembamba, vimetawanyika kama mkono wa mtu anayekataa chakula. Pale barazani hapakuwa na mtu asiyelijua jani lile. Na kwa sababu walilijua, wote, wake kwa waume, waligeuza shingo wakamtazama Hadija.

Maana mume wa Hadija, Mbaraka, alikuwa jela ya Lushoto kwa ajili ya jani hilo hilo. Miche michache nyuma ya zizi, basi. Na aliyemkamata ni Sheshe, jirani yake, ambaye waliingia jandoni msimu mmoja na kulia kilio kimoja. Sheshe alikuwa ametumwa. Jumbe mwenyewe alikuwa mzee wa miguu mibovu ambaye hakukamata tena kitu chochote isipokuwa bakora yake. Sheshe alimkamata Mbaraka kwa adabu zote. Hata walikula kwanza, kwa Hadija, wakanawa, ndipo akamwambia, "Ndugu yangu, twende." Tangu siku hiyo mlango wa Hadija, ambao ulikuwa wazi kwa kila mpita njia, uliendelea kuwa wazi kwa kila mpita njia isipokuwa yeye. Kila jioni Sheshe alisikia vicheko vikivuka ua, na sahani zikigongana, na habari za watu zikichambuliwa bila yeye kuwepo kuzitilia chumvi. Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo dogo. Kwa Sheshe ilikuwa kama kufungwa kifungo cha nje.

Basi barazani pale Hadija akainuka. "Bwana, hii si bangi?"

"La hasha," alisema Bwana Kamba. "Bangi hupandwa bila amri. Mmea huu hupandwa kwa amri."

"Na kwa macho mtu atazitofautishaje?"

"Hatakiwi kuzitofautisha. Atakayeita mmea huu bangi atakuwa anamsaidia adui. Unaitwa Zao la Ushindi."

Sheshe alitikisa kichwa kwa nguvu kukubali, kwa kuwa alikuwa amesimama karibu na Serikali na shingo yake ilikuwa ikitazamwa. Papo hapo akateuliwa Msimamizi wa Zao. Baada ya masika, aliambiwa, Bwana Mkubwa wa Jimbo atapanda kutoka Tanga kuja kulikagua. Akikuta zao limepita kofia ya Bwana Kamba kwa urefu, Sheshe atakuwa jumbe, na atavalishwa joho jeusi la vifungo vya shaba. Akikuta vinginevyo, jela ya Lushoto ina nafasi.

"Huko utamkuta Mbaraka," Hadija alimnong'oneza wakitawanyika. "Mtakuwa majirani tena."

Siku chache kabla ya kupanda, Bwana Kamba alipita bondeni akaona maharage ya Hadija yakiwa yamestawi ajabu, naye Hadija yumo katikati, jembe mkononi, tope hadi magotini.

"Maharage mazuri sana! Ya nani?"

"Si yangu, Bwana."

"Ni ya nani basi?"

"Yapo tu."

Hakuwa anamdhihaki. Milimani kule mtu akisifiwa shamba lake hulikana, tena upesi, kabla jicho la mwenye kusifu halijatua likaunguza majani. Ng'ombe akisifiwa maziwa, mwenyewe husema amemtunzia mtu. Mtoto akisifiwa afya, mama husema usiku amekohoa. Ni adabu, ni kinga, na haimdhuru mtu. Lakini Bwana Kamba alisikitika mno. Aliripoti kwamba wenyeji wamekosa Hisia ya Umiliki, na kwamba hiyo ndiyo sababu ya mvua kuwa nyingi na juhudi kuwa chache. Akaunda Kamati ya Kumiliki, mwenyekiti Sheshe. Kila Jumatano kijiji kizima kilipangwa mistari mbele ya shamba jipya, Bwana Kamba akauliza, "La nani?" na watu wakatakiwa kujibu kwa sauti, "Langu!"

Walijibu. Mama Zipora alijibu akitazama chini, kisha akatema mate pembeni kujiondolea balaa. Sheshe alifanya mazoezi hata nyumbani, mbele ya ng'ombe wake, hadi ng'ombe akazoea.

Zao lenyewe halikuzoea kitu. Mbegu zilikuwa zimetoka Ulaya, kwa meli, kwa gharama, kwa heshima. Huko kwao wakati wa kiangazi jua hukaa angani karibu hadi watu waende kulala, na mmea hunyooka kwa raha zake. Malindi jua hutua saa kumi na mbili, mwaka mzima, bila kujali cheo cha mtu. Mmea ulipoona giza linaingia mapema hivyo, ulidhani umekwisha zeeka. Ulipofika magotini ukatoa maua, ukasimama hapo, kama mtumishi aliyefikisha umri wa kustaafu.

Bwana Kamba hakuwa mtu wa kushindwa na jua. Alitoa amri ikabandikwa barazani, na Sheshe akaisoma kwa sauti: kuanzia Jumatatu, katika eneo lote la Zao la Ushindi, jua litatua saa mbili usiku. Saa zote zisogezwe mbele kulingana na amri hii.

Malindi nzima ilikuwa na saa moja, ya mwalimu wa madrasa, naye akauliza kwa unyenyekevu kuhusu sala ya magharibi.

"Magharibi ibaki pale pale," alijibu Bwana Kamba, "ila isicheleweshe kazi."

Jumatatu jua lilitua kama kawaida. Mmea nao ukabaki magotini. Bwana Kamba aliandika kwamba hatua za awali zimepokelewa vizuri, halafu akaitwa Dar es Salaam kwenye mkutano kuhusu kamba, na mkutano ule ulipofunguliwa hakuna aliyejua jinsi ya kuufunga.

Alipoondoka tu, mvua za vuli zikashika. Asubuhi ukungu ulitelemka kutoka mlima Magamba ukalala juu ya shamba kama blanketi lililoloa. Mchana jua lilichungulia likauchemsha unyevu ule ule. Jioni mvua tena. Maua ya Zao la Ushindi, yaliyobanana kama abiria, yakaota kuvu la kijivu, yakaoza yakiwa yamesimama. Ikabaki kona moja tu yenye miche hai, karibu na ua wa Hadija. Ndiyo aliyoila mbuzi.

Hapo ndipo tulipomwacha Sheshe, kashika shina.

Majirani walipochoka wakaondoka. Sheshe hakuondoka. Alimtazama mbuzi, mbuzi akamtazama, na kwa kweli hapakuwa na la kuchukua chini ya ulinzi. Akaketi pale pale kwenye nyasi zenye maji, kabuti lake likaloa.

"Mama Rehema," alimwambia Hadija kwa sauti ya chini, akimwita kwa jina la mwanawe, "nimekwisha."

Hadija alipepeta ungo mara mbili tatu. "Umeliona hilo leo?"

"Bwana Mkubwa akija akute tope, nakwenda ndani."

"Ndani kuna mtu wako. Mpelekee salamu."

"Shemeji, nakuomba."

Hadija akaweka ungo chini. Alikuwa na hasira ya miezi mingi, na bado alikuwa hajaimaliza. Lakini alikuwa na kitu kingine pia, kimening'inia juu ya meko, ndani ya kibuyu chenye kizibo cha gunzi. Askari walikuwa wameng'oa miche. Vibuyu hawakuvikagua, kwa kuwa hawakuagizwa vibuyu.

"Mbegu ninazo," akasema. "Za huku huku. Babu zao walioga mvua hii na ukungu huu kabla Bwana Kamba hajazaliwa. Lakini hazioti bila mkono wa Mbaraka."

"Mbegu haijui mkono wa mtu."

"Hizi zinajua. Mlete Mbaraka, au kakae na kofia yenu ya kupimia."

Sheshe alijua kabisa ni uongo. Alikwenda Lushoto hata hivyo, kwa miguu, akasimama mbele ya dirisha la boma la Serikali akaomba wafungwa wa kufanya kazi kwenye shamba la Idara. Alipotaja jina la Mbaraka, karani aliuliza kwa nini huyo hasa. Sheshe akasema, "Kwa ajili ya vita." Karani akagonga muhuri. Mwaka ule ukisema neno hilo ungeweza kupewa hata boma lenyewe.

Ndivyo mtu aliyefungwa kwa kupanda bangi alivyopelekwa chini ya ulinzi wa bunduki kwenda kuipanda.

Mbaraka alifika na kaptura ya jela, amekonda kidogo, mdomo haujakonda. Alipomwona Sheshe alicheka hadi askari akaweka bunduki tayari.

"Sheshe! Ulinikamata kwa kupanda kidogo. Sasa utanikamata kwa kutopanda nyingi?"

"Usiiite kwa jina lake," Sheshe alimwomba. "Hii ni Zao la Ushindi."

"Haya. Na mimi usiniite mfungwa. Niite Shujaa wa Kamba."

Akaanza kazi kwa kubomoa kila kitu. Matuta ya Idara yalikuwa bapa kama vitanda. Akayanyanyua yawe marefu, maji yapate pa kukimbilia. Akahamishia shamba kwenye mteremko unaotazama macheo, ukungu uondoke mapema, na miche akaiachanisha mbali mbali ili upepo upite katikati. Kila asubuhi baada ya mvua alipita akiitikisa mmoja mmoja iangushe maji. Kijiji kizima kilikuja kumkosoa. Mama Zipora alisema matuta yamepinda, mwalimu wa madrasa akasema mbolea ya mbuzi ingefaa kuliko ya ng'ombe, na askari, ambaye kwao Singida hata mvua yenyewe ilikuwa habari ya kusimuliwa, alitundika bunduki mtini akawa anasaidia kutikisa.

Jambo moja tu lilikuwa halina mzaha. Wafungwa walilala kwenye banda la mabati karibu na shamba, na kutoka pale Mbaraka aliona paa la nyumba yake. Aliona moshi wa meko. Aliona nani kaingia na nani katoka. Kanuni ilikuwa wazi: mfungwa haruhusiwi kuingia nyumbani kwake. Anaruhusiwa kupatazama.

Hadija alipeleka chakula hadi kwenye kamba iliyozungushwa shamba, akakiweka chini, akarudi. Sheshe, kama Msimamizi, alisimama katikati yao kuhakikisha kanuni inafuatwa, na katika maisha yake hakuwahi kusimama mahali palipomchoma miguu kama pale.

Masika yalinyesha kama kawaida ya masika. Na zao likapanda. Lilimpita Sheshe kiunoni, likampita kifuani, likaipita kofia yoyote ambayo Idara ingeweza kununua. Lilisimama jeusi kwa ubichi, mashina kama mikono ya wapiga jembe, na harufu yake ilikuwa na nguvu za kutosha kuwafanya wapita njia wa barabara ya Mtae wapunguze mwendo na kuvuta pumzi kwa uzalendo.

Bwana Kamba alirudi siku moja kabla ya ukaguzi. Aliliona shamba, akavua kofia, akailinganisha, akaivaa tena. Hakuuliza swali hata moja. Alisema tu, "Nilijua," kisha akaenda kupiga pasi suruali.

Siku yenyewe ilikuwa na manyunyu. Bwana Mkubwa wa Jimbo alifika na mwavuli, na joho la vifungo vya shaba likiwa limebebwa nyuma yake, na pamoja naye Inspekta wa polisi, mtu mfupi mkimya ambaye kabla ya kuletwa Tanga alikuwa ametumikia Bara Hindi hadi nywele zikamwisha. Inspekta hakusalimia mtu. Alisimama ukingoni mwa shamba, akanusa, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyekutana na rafiki wa ujanani mahali pasipotarajiwa.

"Ajabu kabisa," alisema Bwana Mkubwa, akitazama juu. "Umefanyaje?"

"Siri mbili, Bwana Mkubwa," alijibu Bwana Kamba. "Saa, na umiliki. Saa niliirekebisha. Umiliki niliufundisha. Waulize wenyewe."

Bwana Mkubwa akamgeukia mtu wa karibu, ambaye alikuwa Mama Zipora. "Mama, shamba hili zuri hivi, la nani?"

"Si langu, Bwana."

Bwana Kamba akacheka kidogo, shingo ikazidi wekundu. Bwana Mkubwa akamuuliza Hadija.

"Si langu, Bwana. Lipo tu."

Akamuuliza mwalimu wa madrasa, akapata jibu hilo hilo, na salamu juu yake. Kijiji kilikuwa kimesema "Langu" kila Jumatano bila kukosa. Lakini Jumatano hakukuwa na zao la kusifiwa. Sasa lilikuwepo, limesimama, linasifiwa mchana kweupe na mgeni mwenye macho makubwa. Nani angethubutu?

"Mwenyekiti wa Kamati ya Kumiliki!" aliita Bwana Kamba. "Njoo hapa. Mwambie Bwana Mkubwa."

Sheshe akasogea mbele. Aliona joho. Vifungo vilikuwa vinang'aa hata kwenye manyunyu. Alikuwa amelisema neno lile kwa ng'ombe msimu mzima, na lilikuwa pale, mlangoni mwa meno, linangoja kutoka. Akamtazama Mbaraka amesimama na jembe kati ya wafungwa, akamtazama Hadija. Akafungua kinywa. Na kinywa, ambacho kililelewa na mama yake kabla hakijaajiriwa na Serikali, kikasema kwa hiari yake:

"Si langu, Bwana."

Bwana Kamba alilipuka. "Ni LANGU! Kila mche! Mbegu ni yangu, amri ni yangu, na saa ni yangu! Hawa wamesimama tu. Bila mimi pasingekuwa na jani hata moja hapa!"

Inspekta akafungua mdomo kwa mara ya kwanza. "Hata moja?"

"Hata moja!"

"Asante," alisema Inspekta, akatoa pingu mfukoni. "Bwana Mkubwa, hii ni bangi. Tena nzuri sana."

"Ni Zao la Ushindi!" alisema Bwana Kamba.

"Naam. Ni bangi iliyoshinda."

Watu wa Malindi walitazama chini kwa heshima. Bwana Kamba akageuka huku na huku. "Wamebadilisha mbegu! Hawa watu wamebadilisha!"

"Umesema mbegu ni yako," alisema Bwana Mkubwa, taratibu.

"Nilikuwa na maana kwamba..."

"Umesema kwa sauti kubwa."

Bwana Mkubwa alikwenda kusimama peke yake chini ya mwavuli. Alifikiria afisa wa Serikali akivunja kokoto barabarani Lushoto na kaptura ya jela. Alifikiria watakavyosema Tanga, klabuni, kwa miaka. Pale pale chini ya mwavuli akaunda tume, akajiteua mwenyekiti na mjumbe, akasikiliza ushahidi, akarudi na matokeo.

"Baada ya uchunguzi wa kina," akatangaza, "imethibitika kwamba mmea huu si bangi. Afisa wa Serikali hawezi kupanda bangi. Afisa amepanda mmea huu. Shauri limekwisha."

Inspekta alikunja uso. Bwana Kamba alivuta pumzi. Joho likaanza kurudishwa kwenye sanduku.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa," ikasema sauti.

Alikuwa Hadija. Hakuna aliyemwona akiondoka, lakini alikuwa amekwenda na kurudi, na mkononi ameshika mche, mizizi inadondosha udongo.

"Huu umeota wenyewe nyuma ya zizi langu," akasema, "pale pale mlipong'oa ile iliyomfunga mume wangu. Yule pale mwenye jembe. Naomba Bwana Inspekta atusaidie: huu na hii ya shamba ni tofauti?"

Inspekta aliupokea kwa mikono miwili. Akalinganisha majani, akayafikicha, akanusa huku, akanusa kule. Hakuna aliyewahi kumwona mtu akifanya kazi yake kwa furaha namna ile.

"Ndugu," akasema. "Baba mmoja, mama mmoja."

"Basi kama hii si bangi," alisema Hadija, "hata ile haikuwa bangi, na mume wangu yuko jela kwa jani tu. Na kama ile ilikuwa bangi, Bwana Mkubwa, mwenye shamba hili amekwisha jitaja mwenyewe."

Manyunyu yalisikika yakigonga mwavuli. Inspekta akainua pingu.

"Nimekuja na jozi moja," akasema. "Ama niifunge hapa, ama niondoke nayo na yule mtu wa jembe abaki huru. Chagua, Bwana Mkubwa."

Bwana Mkubwa alimtazama Bwana Kamba kwa muda, kwa namna ambayo hakuna mtu anayependa kutazamwa.

"Mwacheni mwenye jembe aende kwake," akasema hatimaye. "Na mmea huu ambao si bangi ung'olewe leo, wote, nisiuone tena."

"Mmesikia?" Bwana Kamba aliwageukia watu kwa ukali. "Ng'oeni!"

Hakuna aliyesogea. Askari wa Singida alitazama bunduki yake kana kwamba ndiyo kwanza anaiona.

"Bwana," alisema Mama Zipora kwa upole wa mwanafunzi mwema, "si letu. Na ulitufundisha kila Jumatano: cha mtu hakiguswi."

Bwana Mkubwa akatazama saa yake, halafu mbingu. "Naambiwa hapa jua hutua saa mbili usiku," alimwambia Bwana Kamba. "Una muda wa kutosha."

Basi Bwana Kamba akavua koti. Mashina yale yalikuwa yameshika ardhi kisawasawa. Alivuta moja akaanguka nalo, akainuka, akashika jingine. Kijiji kilimtazama kutoka chini ya majani ya migomba, na kila alipong'oa shina kubwa watu wakampa pole kwa pamoja, kama inavyotakiwa kumpa mtu aliye katika kazi zake. Baadaye alipandishwa cheo, akahamishiwa ofisi ya ghorofani isiyo na udongo wowote.

Giza lilipoingia, kwa saa ya jua, nyumba ya Hadija ilikuwa imejaa hadi barazani. Mbaraka alikuwa amevaa kanzu yake mwenyewe, imempwaya, na alikuwa anaigiza jinsi Bwana Kamba alivyoanguka na shina la tatu, na watu walikuwa wanadai arudie. Mbuzi alikuwa mlangoni na mtoto wake, huru.

Sheshe alisimama upande wake wa ua. Joho lilikuwa limerudi Tanga. Jela haikumchukua, kwa kuwa hapakuwa na jina la kosa lake. Hakuwa na hoja ya kusimama pale isipokuwa harufu ya makande, na vicheko, na hakuwa na hoja ya kuondoka pia.

Hadija alitoka kumwaga maji. Akamwona.

"Shemeji. Umesimama hapo kama jiwe la mpaka."

"Napita tu."

"Unapita tangu magharibi?"

Sheshe akainamisha kichwa. Ndani Mbaraka alikuwa ameacha kuigiza. Watu wote walikuwa wamenyamaza, wanasikiliza, maana hata kimya cha Malindi kina masikio. Sheshe akatafuta la kusema, akapata lile moja alilokuwa nalo.

"Makande yananukia vizuri mno, mama Rehema. Ya nani?"

Hadija alimtazama sana. Kisha akasogeza mbuzi kwa mguu, njia ikafunguka.

"Si yangu," akasema. "Ingia ule, kabla hayajapoa."